Pembe Zilizokwanguliwa

Jumamosi, Nyamisangura

Na mimi ndiye mkaguzi! Aibu ya leo sitaisahau.

Wameletwa ng'ombe wa mahari ya mdogo wangu Robi. Baba mkubwa Mwita akaniita zizini, mbele za watu: "Bhoke, wewe unayekagua mabomba ya baharini, hebu tukagulie na huyu mwekundu."

Nikamzunguka kama profesa. Pembe laini, hazina hata pete moja ya uzee. Nikasema ni mtamba, apokelewe.

Baba mkubwa akampanua mdomo. Meno yamebaki mawili, nayo yanaaga.

"Pembe zimekwanguliwa kwa chupa, zikapakwa mafuta," akasema. "Huko Mtwara wanakulipa kuangalia rangi?"

Zizi zima likacheka. Hata bwana harusi alicheka, mshenzi, na ng'ombe ni wake!

Nimecheka pia, lakini... Jumatatu natakiwa kusaini yale mabomba ya kupandisha gesi kutoka kilindini. Yalishachoka kwenye kisima kingine, yakakarabatiwa na kupakwa rangi mpya, sasa yanang'aa. Bosi anasema kubandua rangi ili tupime nyufa ni kupoteza siku, meli inasubiri. Na mimi kimoyomoyo nilishakubali, kwa sababu yanapendeza. Bomba likipasuka, kuna watu wanaofanya kazi juu yake.

Nimempigia bosi sasa hivi. Nimemwambia rangi itoke yote, la sivyo sisaini. Akauliza nani kanijaza maneno.

"Ng'ombe," nikamjibu. "Na yeye kesho anarudishwa kwao."