Mkono wa Kushoto wa Kikoti

Gulwe, Jumanne, Julai 1912

Amekiona. Nilikificha kikoti cha sufu ninachomfumia mtoto ajaye ndani ya kapu la mtama, na leo mama mkwe akaja kuchota mtama wa kusaga.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikinyoosha dirishani, mwanga ukapenya kwenye vitundu vyenye umbo la majani nilivyofundishwa kufuma na bibi wa misheni. Akaniuliza, "Huu uzi si wa kikoti cha marehemu Elia?"

"Ndio huo, mama. Nilikifumua."

Elia, mwanangu wa kwanza, alikivaa siku tisa tu. Mama anaamini alikufa kwa sababu nilimfumia kabla hajazaliwa. Kwao mtoto haandaliwi nguo mpaka alie. Mimi siamini. Lakini mbona nilikificha?

Nilidhani atakitupa motoni. Alinirudishia, akasema, "Usikimalize, mwanangu. Acha mkono mmoja." Nikapandwa na hasira, nikamjibu kwamba mimi ni Mkristo. Akaenda zake kusaga.

Kuna jambo sijamwambia mtu, na mume wangu yuko mbali, kwenye kazi ya reli huko Tabora. Mtoto hajacheza tumboni tangu jana. Nimelala ubavu, nimekunywa uji wa moto, nimemwita. Kimya.

Nikashika sindano za kufumia nimalize mkono wa kushoto. Nimekosea mstari uleule mara tatu.

Basi nimezichomoa. Mkono wa kushoto nimeuacha nusu, vitanzi nimevishikiza kwa uzi. Njoo, mwanangu. Njoo nikupime mkono.