Nimekata seva ya Moba

Evodie, uko? Jibu haraka.

Nimekata seva ya hospitali kule Moba. Mimi mwenyewe, nikiwa hapa Kalemie, kwa komande moja tu niliyoandika kwenye kompyuta.

Unajua ile bond, zile waya mbili tulizounga zifanye kazi kama moja? Panya alikula moja. Nikasema nitoe bond, ibaki ile waya nzima peke yake. Kumbe adresi ya seva, ile makompyuta yote yanaipitia kuifikia, ilikuwa juu ya bond! Nikaifuta mbele ya kuhamisha adresi. Mimi! Mimi njo nilikufundisha: hamisha adresi kwanza, kisha futa.

Ekrani ikaganda. Nikajaribu kuingia tena. Hakuna. Nikajaribu tena. Hakuna, Evodie!

Sasa hivi Papa Jovial, mukubwa wa wauguzi, amenipigia: "Mama Louise, makompyuta yote yamekufa. Tuko na mama wa mimba kwenye meza ya operesheni, na hatuoni fishi yake ya matibabu."

Nikamuambia azime seva, aiwashe tena. Sikuhifadhi mabadiliko, bond itarudi yenyewe. Dakika mbili tu.

Akasema: "Chumba cha seva kimefungwa, na mulango ni wa chuma. Ufunguo uko wapi?"

Ni mimi nilifunga Ijumaa, mbele ya kupanda boti, ili watu wasiingie kuchaji simu na kuchomoa seva. Boti ya kurudi Moba ni Alhamisi.

Evodie, ufunguo uko hapa mukononi mwangu.

Nimemujibu: ngoja Papa, ninautafuta.