Mama Yasmin na Akina Baba Kulwa Wawili

Mama Yasmin,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, najua, lakini nikianza barua bila salamu ungeninunia wiki nzima.

Arobaini yako ilikuwa juzi. Dukani vipuri viko vilevile, grisi inanuka vilevile, ila kwenye meza yako ya hesabu nakaa mimi. Wateja wakiingia wananiangalia kama mwizi wa kiti. Nimekukumbuka, jamani!

Unakumbuka nilivyokuja kutoka chuo Dar, kaka yako aliponiajiri nihamishie madaftari yako kwenye kompyuta? Nilijiona mimi ndiye mimi. Nikakuambia madaftari yamekwisha kazi. Ukacheka tu: "Haya binti, tuone."

Tukaona! Masalu, mchimbaji wa Geita, alikuwa ameshalipia pampu ya maji, tunangoja ifike bandari kavu ya Isaka kwa treni. Katikati hapo mkewe akajifungua pacha, na kwetu Usukumani pacha ni Kulwa na Doto, hakuna mjadala. Akaja kifua mbele, eti sasa aandikwe Baba Kulwa. Nikabadilisha. Kumbe tulikuwa na Baba Kulwa mwingine, mkulima wa Masumbwe, na mimi mtaalamu nilikuwa nimeitengeneza programu imtambue mtu kwa jina lake! Ikawafanya wote wawili mtu mmoja. Mkulima alipofuata jembe lake la ng'ombe, nikamwambia, "Na pampu yako iko tayari." Maskini, akadhani ndugu yake kamlipia. Akaondoka nayo.

Masalu alipokuja, shimo lake limejaa maji, alilia mbele ya watu. Kaka yako akasema hilo sanduku langu la kompyuta litolewe dukani leo hii, na mimi nilifuate.

Wewe hukunigombeza. Ulipanda lori mpaka Masumbwe, na goti lako lile bovu, ukairudisha pampu, kaka yako akapoa. Kisha ukanifungulia daftari. Kila mteja na ukurasa wake wenye namba, na juu majina yake yote, la zamani limepigwa mstari mmoja lakini linasomeka. "Mimi siandiki jina, binti. Naandika mtu, halafu namuuliza siku hizi anaitwaje."

Niliona aibu, Mama. Nikaanza upya. Kila mtu akapata namba isiyobadilika maisha, majina yakaning'inia chini yake. Na kwa kuwa hukuruhusu mtu kupekua daftari lako, hata kaka yako ("Niulize mimi!"), nikaifundisha programu hivyohivyo: sehemu ya risiti na sehemu ya stoo zisiingie zenyewe kwenye ghala la kumbukumbu, ziulize kwenye dirisha moja. Huko ndani hata nikipanga upya kila kitu, wanaouliza hawasumbuki.

Ni wewe uliyesema tuigawe bure, maandishi yake yote wazi, anayetaka ayasome na kuyarekebisha, maana hata wewe ulifundishwa hesabu bure. Sasa inasomwa na watu nchi ambazo hatutazijua. Mwezi huu mmoja wao akaandika kwamba namba zako ni mzunguko wa bure, zifutwe, jina linatosha. Wengine wakamuunga mkono. Nilipandisha hasira, nusura nitukane. Nikakaa hapa Mwanza nikawaandikia kwa barua pepe kisa chote cha akina Baba Kulwa. Yuleyule akajibu: kwao wanawake hubadili jina wakiolewa, na mashine za huko zilimpoteza hata mama yake mzazi. Namba zimebaki. Umeshinda, Mama!

Basi nikafungua orodha ya waliotengeneza programu. Nikaandika langu. Nikataka kuandika lako, nikaandika "Mama Yasmin", nikalifuta. Miaka yote ile sikuwahi kulijua jina lako.

Nikampigia Yasmin. Akacheka, halafu tukalia wote. Nimeliandika la kwanza, juu ya langu, na nikiwa hai hakuna atakayelifuta.

Mungu akupokee vizuri, Rehmat. Nisamehe kukuita hivyo, mtoto kama mimi. Ni mara hii moja tu.

Binti yako,
Kabula