Nimemuuza Wifi Yangu Kwenye Chupa za Sabuni

Dada mshauri mpendwa, shikamoo, naomba msaada wako na unisamehe mwandiko, naandika mtoto akiwa mapajani na hii kalamu anaitaka yeye. Nina mtoto mmoja wa miezi tisa, shule niliishia darasa la saba lakini kusoma napenda mno, nasoma chochote, hata gazeti lililofungiwa chumvi, na huko ndiko shida yangu ilikoanzia.

Dukani kwetu chumvi inafungwa kwa magazeti ya zamani, na siku moja kwenye karatasi yangu kulikuwa na kipande cha hadithi, mwanamke amefungua mlango akamkuta mgeni amekalia sanduku lake, basi, karatasi imeishia hapo! Nikakosa raha kabisa, nikarudi kununua chumvi tena, na tena, mara tatu kwa siku mbili, mpaka mwenye duka akaniuliza, "Mama, huko kwako mnapika au mnakausha ngozi?" Nikacheka, lakini njiani nikawaza, kama mimi nimenunua chumvi nisiyoihitaji kwa ajili ya hadithi, je, wateja wangu? Maana natengeneza sabuni ya maji, nachanganya kwenye ndoo uani, na sabuni yangu haina tofauti na ya wenzangu hapa mtaani, ila yangu ilikuwa haiendi.

Basi nikaanza kutunga hadithi yangu mwenyewe, kila wiki kipande kimoja, natoa nakala, nabandika kwenye chupa kwa gundi, na kila kipande nakikatisha pale pale kinapokolea. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye tunaishi naye nyumba moja, ndiye aliyekuwa ananikatia karatasi kwa mkasi na kunishikia mtoto, na ndiye msomaji wangu wa kwanza, akimaliza ananipiga bega, "Halafu? Wifi, halafu?" Dada, sabuni ilitoka! Mmoja alinunua chupa mbili kwa mpigo akidhani ya pili ina kipande kinachofuata, akarudi kunigombeza.

Wiki ya sita nikaishiwa. Kichwa kitupu, chupa zimeshajazwa, na wifi amesafiri. Nikakumbuka jambo aliloniambia tukiwa wawili tu, mimi nanyonyesha, kwamba yule mchumba wake aliyeondoka bila kuaga aliacha shati, na yeye kwa miezi mitatu alilipiga pasi kila Jumapili, analitundika, wiki ikipita analishusha, analifua, analipiga tena, na halijavaliwa na mtu. Nikaliandika. Sikuweka jina, hata rangi ya shati niliibadilisha, nikaona nimemficha.

Kumbe msusi wa saluni ya kona alikuwa akiliona lile shati kwenye kamba yetu siku zote hizo. Wifi aliporudi safari akapita kusukwa, akiwa katikati ya kusukwa wakamsomea chupa kwa sauti, wanacheka, "Bibi Shati, tulia basi, kichwa kisiende upande!" Alikuja nyumbani nusu ya nywele imesukwa na nusu imesimama, akanipita, akafunga mlango wake. Nilipogonga aliniambia maneno haya tu: "Nilikuambia wewe, wifi. Sikuiambia sabuni."

Leo siku ya kumi na moja. Anakula amesimama. Mtoto akimtambalia anambeba, anambusu, halafu ananirudishia bila kuniangalia. Mume wangu anasema, "Hayo ya wanawake, malizaneni," lakini begi la dada yake limeshuka kutoka juu ya kabati na yeye ameliona kama mimi. Na mwenye duka anataka chupa arobaini ifikapo Jumamosi, anasema, "Na hadithi iwepo, watu wanamuulizia Bibi Shati." Situlii dada, nakaa nasimama, ndoo moja nimeiosha mara tatu leo.

Nimepata wazo. Nimwandikie mwisho mzuri, yule mwanamke wa shati apate mume mwenye heshima zake, harusi ya kusimulika, ili wifi akisoma moyo utulie na mtaa mzima umwone ameshinda. Nimeshaandika nusu, ni tamu mno. Je, niitoe Jumamosi? Simtaki ahame, ndiye ndugu yangu wa pekee humu ndani.

Mama wa Sabuni

Marahaba, Mama wa Sabuni.

Hiyo nusu uliyoandika, ichane. Huwezi kumwoza wifi yako kwenye chupa. Yeye hakukuomba mwisho mzuri, alikuomba siri.

Unajitetea kwamba ulibadilisha rangi. Mwanangu, mimi barua yako nimeibadilisha kabla ya kuichapa: kilichopigwa pasi si shati, na jina wanalomwita silo hilo. Mtu anafichwa hivyo, na hata hivyo nimesita kuichapa.

Haki yako nakupa. Wengi wetu tunakunja karatasi ya chumvi tunatupa. Wewe uliisoma ukagundua kinachomrudisha mteja dukani. Hiyo ni akili, na hujamwibia mtu. Wizi ulianza ulipoishiwa. Siku ile ungerudi kwenye kusoma: azima kitabu, sikiliza mchezo wa redioni, mwombe yule mwenye duka akupe magazeti yake yote. Wewe ukachota kwa mtu wako wa karibu, tena akiwa safarini.

Sasa nisikilize. Mtoto mpe baba yake, na akikuambia tena "hayo ya wanawake," mwambie huyo anayefungasha ni dada yake wa damu. Ingia kwa wifi, kaa chini, sema "nimekukosea," kisha nyamaza. Usiseme "lakini." Usimwambie wateja walivyoipenda. Usimwombe asihame; akiamua kuhama, mbebee begi mpaka huko aendako.

Ukitoka hapo nenda saluni wakati imejaa, umwambie msusi: "Jina lile limetoka kwangu na nalifuta mimi. Atakayelitaja tena, sabuni yangu asiiguse." Lipi kweli, lipi la kutunga, usimweleze mtu.

Mwenye duka mpe taarifa leo kwamba hadithi imekwisha. Chupa arobaini ziende bila karatasi, na akizikataa, zirudi. Wala usije ukabandika radhi kwenye chupa, utakuwa umemtangaza wifi mara ya pili. Hadithi mpya utaanza, tena uanze, ila si wiki hii.

Na wifi asipokufungulia, usilie mlangoni, majirani watasikia na itakuwa hadithi nyingine. Rudi kesho na neno lile lile moja. Keshokutwa pia.