Mfupa wa Baba Ulikuwa Umeshaliwa

Masanja, mdogo wangu,

Kama uko Nyarugusu, kama uko Runzewe, kama umejichimbia huko usikotaka tujue, tupa sururu chini usome. Naiandika barua hii hadharani kwa sababu simu yako haipatikani, na kila mchimbaji ninayemuuliza ananiambia ulihama juzi tu. Nina hasira, nakwambia mapema. Usitegemee kubembelezwa.

Unaikumbuka asubuhi ile ya kulima. Maksai walikuwa wameshafungwa nira, na wewe ukasema plau hushiki, unaenda kwenye dhahabu. Baba akaokota fimbo ya kuchungia. Ya kwanza ikakupata begani, ya pili ikakupasua sikio, damu ikachuruzika hadi kwenye kola. Alipoinyanyua tena, ukamdaka mkono. Nilikuwa nimesimama palepale na ndoo, niliona kwa macho yangu haya: hukumsukuma, hukumpinda, hukumpiga. Mkono ukalia kah! kama bua kavu la mtama, ukaning'inia kuanzia juu ya kiwiko. Baba akaanguka akiunguruma kwenye matuta, nawe ukabaki umesimama unatazama viganja vyako.

"Dada, nimemshika tu," ulisema.

Nani akusikilize? Jirani alishapiga mwano, yowe la kuita kijiji, na ukipigwa huo hakuna anayebaki nyumbani. Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakaja na filimbi zao na fimbo zao. Mtoto kumvunja baba yake! Kwetu hiyo ni laana, haiulizwi maswali. Wakakufunga mikono nyuma kwa kamba ya katani, wakakulaza kifudifudi, wakakucharaza mpaka shati likashikana na nyama. Nilipiga kelele kwamba nimeona, kwamba hukumfanya kitu. Kamanda wao akanisukuma, "We mwanamke, nyamaza!" Nikamng'ata mkono mpaka nikaonja damu yake. Akanipiga teke la tumbo nikatapika mbele ya watu. Sijutii hata kidogo, na leo nikipewa mkono ule nitaung'ata tena.

Kisha wakakutenga. Asikupe mtu moto, asikupe maji, asikusalimie. Ukaondoka unachechemea, na baba, mkono umefungwa vijiti vya mganga wa mifupa, akasema kwa sauti uisikie, "Mimi sina mtoto wa kiume." Nilimchukia siku ile, Masanja. Nilipika ugali wake huku nikimwombea umkwame. Huyuhuyu aliyekubeba mgongoni kutoka mnadani ulipokanyagwa na ndama, akikuimbia njia nzima ili usilie, anakukana mchana kweupe!

Mkono uliunga vibaya, ukapinda. Halafu mwili wote ukaanza kumgeuka. Mgongo ukamkamata asiweze kuinama, akawa anakunywa maji kutwa kucha na kiu haiishi, akakonda, akipanda ngazi ya ghala anahema. Zahanati wakasema malaria, wakasema taifodi, wakasema damu imepungua, wakampa vidonge vya kuongeza damu. Kijiji chenyewe kilikuwa na jibu lake: laana ya Masanja inamla. Walilisema hata kisimani nikiwa nachota. Mmoja nilimmwagia ndoo nzima, tukashikana nywele.

Nikampeleka Mwanza, hospitali ya rufaa. Daktari ni binti mdogo, alianza na shikamoo, akamwita "baba" kama aliyezaliwa kwetu. Akachukua damu. Majibu yalipotoka akatukalisha, akaeleza polepole. Ndani ya mifupa mna uboho, ndimo damu inamotengenezwa. Humo kuna seli zinazotengeneza kinga, kila moja na yake. Kwa baba, aina moja imezaana zaidi ya zingine, na inamwaga kwenye damu protini ya namna moja ambayo haina kazi yoyote. Inaweza kuwa saratani ya uboho, wanaiita mailoma. Inaweza pia isiwe, kwa sababu wapo wanaoishi miaka na protini hiyo isiwafanye kitu.

"Protini peke yake hainiambii yote," alisema. "Naisoma pamoja na kalsiamu, figo, wingi wa damu na mifupa. Baba, umewahi kuvunjika?"

"Hapana," baba akajibu.

Masanja, nilikuwa nimekaa pembeni yake. Kavaa koti zito na joto lote lile la Mwanza, ameuficha mkono kwenye mfuko. Nikafungua mdomo, akanikanyaga mguu chini ya meza kwa kisigino chake chote. Nilijua kwa nini. Mzee wa Kisukuma atamwambiaje mtoto wa watu kwamba mwanaye wa kumzaa alimvunja? Bora afe na aibu yake kooni. Nami nikanyamaza, kwa sababu ni baba.

Basi daktari akaandika kwamba hajavunjika. Damu ilikuwa imepungua kidogo, akadhani ni lishe na malaria za mara kwa mara. Kalsiamu ilikuwa imegusa mpaka wa juu tu. Mgongo akaulaumu uzee na jembe. Akatwambia turudi kupima tena, kwa kuwa kikubwa ni kuangalia majibu yanaelekea wapi. Tukarudi. Protini imepanda, damu imeshuka. Bado akauliza, bado baba akakana. Tukarudi tena. Safari hiyo kalsiamu ilikuwa juu na figo zimeanza kuchoka, daktari amekunja uso anazungusha kalamu. Akauliza lile swali lake, na baba akafungua kinywa kusema hapana.

Nilimrukia. Usinicheke. Nilimkamata baba yangu mzazi koti mbele ya daktari, nikalivuta mpaka vifungo vikaruka, nikaukunja mkono wa shati. "Tazama!" nikapiga kelele. "Ulivunjika kwa kushikwa tu! Mdogo wangu alimshika tu, wakamchana mgongo kwa hilo!" Baba akanizaba kofi kwa mkono mzima. Muuguzi akaingia mbio. Daktari akasimama, akaugusa ule mkono uliopinda, na macho yake yakajaa machozi.

"Mungu wangu, kwa nini hamkusema?"

Akampeleka kupigwa picha za eksirei. Mifupa ya baba imetobokatoboka, Masanja, mbavu, uti wa mgongo, hata fuvu. Zile seli huchochea mfupa ulike kutoka ndani, kalsiamu yake ikamwagika kwenye damu, ndiyo iliyokuwa inamletea kiu. Mkono ule ulikuwa umeshaliwa kabla hujaugusa. "Ungekatika hata akinyanyua ndoo," daktari alimwambia. "Mtu hamvunji mwenzake mfupa mzima kwa kumdaka hivyo."  Baba akalia kwa sauti, mzee mzima, wagonjwa wa foleni wakachungulia mlangoni.

Tuliporudi alienda mwenyewe kwenye mkutano wa sungusungu, akivuta mguu, akawaambia mwanawe hakumvunja, ugonjwa ndio ulimvunja, na wao wamempiga mtu asiye na kosa. Wakaondoa kutengwa kwako. Kamanda akanijia, eti tusahau yaliyopita. Nikamtemea mate kwenye viatu. Baba aliona, akageuza uso kama hakuona.

Sasa sikiliza vizuri. Picha na damu zimeshasema karibu yote, ila wanataka kumchoma sindano kwenye mfupa wa nyonga wachukue uboho wathibitishe, ndipo dawa zianze. Daktari hakutudanganya: ugonjwa huu hauponi kirahisi, lakini unazuilika, mtu akapata miaka yake. Kila wiki inayopita figo zinakwenda. Na baba amekataa sindano. Nimemtukana, nimempigia magoti, nimetishia kumfunga kamba nimbebe. Hakuna.

Juzi daktari alipiga simu, akamuuliza kwa upole, "Baba, unasubiri nini?"

Akamjibu, "Ninaye mtoto wa kiume. Yuko njiani, anakuja."

Hajui uko wapi. Mimi sijui uko wapi. Anakaa mlangoni tangu asubuhi, mkono umepinda mapajani, na kila pikipiki inayopunguza mwendo anajaribu kuinuka.

Mimi dada yako wa tumbo moja,
Kabula