Mwenyekiti wa Chuma na Baba Mdogo

Ifakara, Jumatano. Mvua haijakata tangu alfajiri na umeme unakwenda na kurudi. Naandika kwa simu, moyo mzito.

Mnaosoma blogu hii mnaikumbuka hadithi niliyoweka wiki iliyopita. Miaka mia ijayo, kijiji cha wakulima wa mpunga huku bondeni Kilombero kinaletewa mwenyekiti wa chuma. Halali usingizi, hali rushwa, hachoki. Kila shida anaijibu kwa sauti ileile: "Tumelipokea, tunalifanyia kazi." Mwishowe wanakijiji nao wanasema hivyohivyo, hadi mama anamjibu mwanawe mwenye njaa, "Nimelipokea."

Nilicheka nikiiandika. Mstari ule wa mwisho ulinitoa machozi, nikajiona nimesema kweli.

Hadithi ikasambaa WhatsApp, ikafika kijijini Mchombe. Huko mwenyekiti wa kitongoji ni baba yangu mdogo, aliyenilea baada ya baba kufariki.

Leo mchana amekuja, ameloa chapachapa. Nilimpa shikamoo, akaitikia bila kuniangalia. Nikampa kanga ajifute, nikabandika chai. Alijifuta uso, kisha akasema, "Umeniandika mimi."

"Hapana, baba mdogo. Ni mambo ya miaka mia ijayo. Ni roboti tu."

"Na hayo maneno ya kulifanyia kazi ni ya nani? Ni yangu. Nimeyasema kila mkutano tangu mfereji wa maji ya mashamba ubomoke. Sasa nikipita dukani wananiita Chuma. Jana nimesimama kufungua mkutano, watu wa nyuma wakanitangulia: tumelipokea. Wakacheka mpaka wakatawanyika."

Ni kweli, maneno yale niliyasikia kwake. Niliyaokota bila kufikiri kwamba yana mwenyewe.

Ndipo akanieleza nisilolijua. Habari ya mfereji ameipeleka juu, wilayani, mara nyingi, akasubiri mlangoni, akajibiwa maneno hayohayo. Anarudi nayo kijijini kama alivyopewa.

"Ningewaambia nini, mwanangu? Kwamba hakuna anayenisikiliza? Wangekata tamaa, wasipande."

Nilikuwa nimewalenga wa juu. Nimempiga aliye karibu.

Nikamwambia naifuta sasa hivi. Akatikisa kichwa.

"Usifute. Umesema kweli. Ila huyo chuma wako, jioni anarudi kwa nani?"

Sikuwa nimeandika. Nilimpa sauti, nikampa macho ya taa, nikampa hata kutu kidogo shingoni ili watu wacheke. Nyumba sikumpa. Wala mke wa kumwuliza, mkutano umekwendaje.

Alimaliza chai, akaniaga kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza zaidi. Akatoka kuwahi gari.

Tangu hapo najiuliza. Kejeli ni kisu kizuri, lakini walio juu hawanisomi. Wanaonisoma wanaishi na baba mdogo, na kisu nimewapa wao.

Hadithi nimeiacha ilipo. Kuiandika upya nitaiandika, ila kuandika peke yake hakutamtoa kwenye kicheko kile.

Jumapili nitapanda gari la Mlimba, nishuke Mchombe. Nitaketi naye kanisani, na misa ikiisha nitasimama naye nje watu wakisalimiana. Anayetaka kumwita Chuma, amwite nikiwa pale.