Kisima cha Dada Mwende

Mama mpendwa,

Natumaini Matinyani mmeamka salama. Huku Kyuso jua ni kali na mto umebaki mchanga mtupu. Tangu ijulikane kwamba Dada Mwende ana Ukimwi, amefukuzwa ualimu, na chifu ametangaza barazani kwamba achimbe kisima chake mchangani, mbali na vya wengine. Hana nguvu, kwa hiyo leo nimemchimbia, naye ameketi kando yangu.

"Mwalimu, usituharibie maji!" mama mmoja akampigia Dada kelele kutoka visima vya wengine.

Maji yalipotokea nikainama ninywe. Dada akanishika mkono. "Usinywe wakikuona. Wakikufukuza na wewe, nani atanichimbia?"

Nikanywa.

Msinisubiri nyumbani, Mama. Nitakaa naye hadi mvua inyeshe. Mkumbatie Baba, mtuombee.

Mwanao,
Kalekye